Habari Niliyompa Koko Mara Mbili

Siku ambayo haijawahi kunitoka mimi bibi yako, mwanangu, ni ile niliyoshuka kwenye basi pale Karatu nikitokea chuoni kwa likizo niliyokuwa nimewaandikia, nikamkuta baba yangu amesimama stendi ndani ya koti lake la baridi, ananisubiri. Baba hakuwa mtu wa kumpokea mtu stendi. Alikuwa mtu wa kusema, njia unaijua, njoo. Nilipomwona tu nikajua kuna jambo.

Nivumilie, nitasema kwa mwendo wangu. Tangu tumzike babu yako nimekuwa mtu wa kuchoka. Nachoka nikikaa, nachoka nikisimama, na nikilala ndiyo kabisa. Keshokutwa unaondoka kwenda kusoma fasihi ya dunia na filamu, na watu wa nyumba hii wameshakuuliza mpaka basi utafanya kazi gani na kitu hicho. Mimi sikuulizi. Swali hilo niliulizwa mpaka nikastaafu, na yuko mjomba wako mmoja, simtaji, ambaye mpaka leo anaamini nilikuwa nalipwa kwa kuangalia sinema. Acha aamini. Mimi ninalo neno moja tu la kukupa ubebe, na limo ndani ya siku ile, kwa hiyo lazima nikupitishe humo.

Nilikuwa mwaka wa pili. Tulikuwa na mwalimu mmoja mwembamba, mpole, mvaa sandali hata siku ya mahafali. Aliziba madirisha ya ukumbi mdogo kwa mablanketi, akawasha mashine yake iliyonguruma kama ya kusaga mahindi, akatuonyesha dunia ukutani. Mimi mtoto wa Endulen, ambaye jengo refu kuliko yote nililokuwa nimeliona ni hospitali ya misheni, nikawa nakaa gizani nalia na mama wa nchi ya theluji ambaye hata lugha yake siijui. Kisha tunarudi bwenini tunasoma riwaya zilizotafsiriwa kutoka kila upande, nyingine nene za kuzuilia mlango. Nilizipenda. Usije ukadhani nakuambia haya ili nizikosoe. Nilizipenda mpaka nikawa nasahau kula, na nikikumbuka nakuta chakula cha bwenini kimekwisha.

Mwalimu yule alikuwa na neno lake. Alisema hadithi ianze pale moto ulipokwisha kushika, msituanzishie kwenye kuokota kuni. Akatuonyesha filamu moja kama mfano. Inaanza, mwanamume amelala sakafuni jikoni. Birika linachemka, linapiga mluzi, na hakuna anayekuja kuliepua. Basi, ni hilo tu, mluzi na yule mtu pale chini. Ukumbi mzima ulinyamaza kimya. Nikasema moyoni, hivi ndivyo watu wanaojua wanavyosimulia, sisi nyumbani kazi yetu kuzunguka tu.

Na kweli tulikuwa tunazunguka. Wewe umekulia huku Endamarariek, kwenye maharage na mbaazi za babu yako, umeviona vya upande wa kwake, wa Wairaqw, zaidi kuliko vya kwangu, kwa hiyo nikuambie. Kwetu sisi Wamaasai habari inaliwa. Ndivyo tunavyosema, kula habari. Mgeni akifika bomani anasalimiwa, anakalishwa, anapewa chai au maziwa, ndipo anaombwa ilomon, yaani habari zake. Naye anaanzia alikolala. Nililala kwa fulani, hawajambo. Nikaamka, nikapita mahali fulani, majani yameanza kutoka. Nikakutana na ng'ombe wa fulani wanakwenda kunywa, wamenenepa. Kila anapotua, anayesikiliza anaitika, "Ee." Asipoitika, msemaji hasogei. Na hata kama mgeni amebeba jambo zito kuliko yote, analeta hivyo hivyo, kwa njia ile ile, kwanza atasema atokako ni kwema, halafu polepole analikaribia. Nilipokuwa mdogo mazungumzo hayo yalinipa usingizi. Nilipofika chuoni yakaanza kunitia aibu.

Sasa turudi stendi. Baba alinishika mkono, akanipeleka pembeni mwa duka moja ambako upepo haukuwa mkali. Akaniambia mdogo wake wa mwisho, baba yangu mdogo, amefariki asubuhi ya jana hospitalini. Alikuwa mlinzi kwenye shamba la kahawa hapo juu. Alikohoa, akapuuza, wakamleta hospitali amekwisha kuchelewa. Jina lake silitaji. Kwetu aliyekufa haitwi tena kwa jina lake, na mimi pamoja na shahada zangu zote mdomo wangu umeshindwa kulitoa tena. Wewe pia usiniulize.

"Jeneza bado linapigiliwa," baba akasema. "Gari litaondoka hapa mchana. Mama hajui."

Wakati huo hakukuwa na simu za mkononi, mwanangu. Mama yake ni Koko wangu, bibi aliyenilea, na alikuwa kule bomani Endulen hana habari, anajua mwanawe wa mwisho yuko Karatu analinda kahawa.

"Sitaki mama akutane na gari kabla hajakutana na neno," akasema. "Kuna lori la unga linaondoka sasa hivi. Tangulia. Sina mwingine wa kumtuma, na wewe ndiye uliyesomea maneno."

Nikapanda lori. Nilikuwa sijanywa hata chai. Nilikaa mbele, katikati ya dereva na utingo wake, na dereva alikuwa mtu wa kulalamikia barabara, alilalamikia kila shimo kwa jina lake. Tulipita lango la hifadhi, tukaanza kupanda msituni, ukungu ukatufunika hadi taa zikawashwa mchana. Kule juu ukingoni magari ya watalii yalikuwa yamesimama, wazungu wamejifunga mablanketi wanangoja kreta ifunguke waione. Haikufunguka. Tukashuka upande wa pili, jua likatoka, bonde la Malanja likawa lote kijani na ng'ombe wametapakaa pamoja na pundamilia. Haya yote niliyaona. Lakini niliyaona kama mtu anayepita tu, maana kichwani nilikuwa natengeneza maneno. Nilikuwa na huzuni, nilimpenda baba mdogo yule, ndiye aliyenibebea sanduku siku ya kwanza ya sekondari. Na juu ya huzuni ile ile, sitakuficha, kulikuwa na kitu kingine kinachotaka kufanya kazi nzuri. Nikawa najiuliza nianze wapi. Nikajijibu, nianze pale moto ulipokwisha kushika.

Nilipofika, Koko alikuwa nje anakandika nyumba. Mvua ilikuwa imebomoa ukuta kidogo upande wa mlango, naye amechanganya udongo na mavi ya ng'ombe, anapaka kwa viganja, mikono imejaa hadi kwenye viwiko. Aliponiona alicheka kwa sauti. Kwa desturi nilipaswa kuinamisha kichwa aniguse utosini ndipo nitamke neno. Akanionyesha mikono yake.

"Ngoja ninawe," akasema. "Mtoto wa watu, utaingia ndani umepakwa mavi. Ngoja ninawe, niweke chai, utupe habari."

Sikungoja. Niliogopa kwamba nikingoja nitashindwa, na pia niliamini kungoja ni uongo. Nikasimama mbele yake nikasema jina la mwanawe, nikasema amekufa.

Unajua nilikuwa nimetegemea nini? Nilitegemea kimya kile cha ukumbini, halafu kilio. Kimya kilikuja. Koko alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amekuona wapi. Kisha akageukia ukuta akaendelea kukandika. Akapaka pale pale palipokwisha kupakwa, akalainisha, akapaka tena. Nikamwita, hakugeuka. Nikarudia yale maneno, safari hii kwa sauti ndogo. Akachota udongo mwingine.

Wanawake wa boma walinisikia, wakaja. Wa kwanza alikuwa mke mwenzake mkubwa, tuliyemwita Koko Mkubwa, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye ulimi ambao hata wazee wa kiume walikuwa wakiupisha. Alimshika mwenzake bega. Koko akasema, bila kuacha kazi, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Hakuna habari. Mgeni hajaingia."

"Mwenzangu."

"Huyu mtoto bado hajafika. Akifika atatupa habari."

Hapo ndipo nilipopata hofu ya kweli, mwanangu. Gari lilikuwa njiani. Niliwaza jeneza linateremshwa pale, na mama wa marehemu anapaka ukuta, anasema hakuna habari. Nilikuwa nimetumwa jambo moja tu, mama akutane na neno kabla ya gari, na nilikuwa nimelivunja neno lenyewe mikononi mwangu. Nikaanza kulia kwa kelele.

Koko Mkubwa alinivuta pembeni ya zizi. Sikupigwa, lakini ningependelea kupigwa.

"Ulitaka alipokee kwa mikono ipi?" akaniuliza. "Hukuona imejaa udongo?"

Nilikuwa na mdomo siku zile. Nikamjibu, "Koko, jambo ni lile lile. Hata ningezunguka kutwa nzima lingebaki lile lile."

"Ni lile lile, nani kakataa? Lakini wewe unapozunguka, sisi tunasogea. Ukisema umetoka Karatu na uso huo, mimi nakuja kukaa nyuma yake. Ukisema umemwona baba yako stendi, mwingine anamtoa mtoto mgongoni anamweka chini. Unapoanza kusema polepole, yeye mwenyewe anajua, anatafuta mahali pa kuweka mikono. Ukilifikia neno tumeshamshika. Sasa wewe umemmwagia maji ya moto amesimama, peke yake, halafu unalia wewe." Akanitazama kuanzia viatu. "Hicho ndicho mnachofundishwa huko?"

Nilifikiri atanifukuza. Badala yake akanifuta uso kwa ncha ya shuka lake, kwa nguvu, kama unavyomfuta mtoto mafua.

"Toka nje. Nenda mpaka langoni kabisa, nje ya miiba. Uingie tena."

"Lakini ameshajua."

"Anajua. Wewe ingia."

Basi nikatoka. Nilisimama nje ya lango la miiba na mkoba wangu wa chuo, nikiwatazama wanavyomwondoa Koko ukutani. Walimnawisha mikono, mmoja anamimina maji, mwingine anasugua udongo kwenye vidole, naye amewaachia tu. Wakamkalisha kwenye kigoda kivulini. Koko Mkubwa akakaa nyuma yake, miguu huku na huku. Mmoja akaweka chai. Kisha wote wakatazama langoni, kama watu wasioniona bado.

Nikaingia. Niliinamisha kichwa mbele ya Koko, nikawa naona tu miguu yake na yale makubazi yake ya ngozi. Ndipo mkono wake, bado una maji, ukaja utosini. Nikakalishwa. Nikapewa kikombe. Koko Mkubwa akasema, "Tupe habari."

"Nilianza safari salama," nikasema. "Huko chuoni ni kwema, wenzangu hawajambo."

Nikangoja. Huwezi kusogea bila kuitikiwa, nawe unajua sasa. Nikasema tena, "Hawajambo." Koko alikuwa anatazama kikombe changu. Nilidhani hatajibu kamwe, na gari nililisikia masikioni mwangu ingawa halikuwepo.

"Ee," akasema.

"Nililala Arusha kwa rafiki yangu. Kwao wamenipokea vizuri, wamenipa chakula."

"Ee."

"Asubuhi nikapanda basi. Kule Mto wa Mbu mpunga umesimama, maji yapo."

"Ee."

Nikampitisha njia nzima. Mambo niliyoyaona kwenye lori bila kuyatazama yakanirudia yote, na ikanibidi niyatoe moja moja, ukungu kule msituni, wazungu na mablanketi yao, majani ya Malanja. Akaniuliza ng'ombe niliowaona Malanja ni wa rangi gani. Nikamwambia. Akasema watakuwa wa fulani. Akaniuliza kama ukungu ulikuwa na manyunyu. Nikasema ulikuwa nayo. Mwanangu, mwanamke yule alikuwa anajua. Alikuwa ameshaambiwa, tena vibaya, jina zima usoni. Na kila aliposema "ee" niliona bado anatembea na mimi kama vile mbele kunaweza kuwa na njia nyingine, huenda tukakata kona tukamkuta mwanawe ameketi anakunywa chai. Kuna wakati hata mimi nikaanza kutumaini.

Nikasema, "Pale Karatu nilimkuta baba."

Hakuitika upesi. Koko Mkubwa akasogea, magoti yake yakambana mwenzake mbavuni. Mwanamke mwingine akamtua mtoto chini.

"Sema polepole," Koko akaniambia.

"Baba alikuwa stendi. Amevaa koti. Hajambo mwilini."

"Ee."

"Akaniambia yule mdogo wake wa mwisho alikuwa anakohoa."

"Ee."

"Wakampeleka hospitali. Waliomwuguza walikaa naye. Hakuwa peke yake."

"Hakuwa peke yake?"

"Hakuwa peke yake, Koko."

"Ee," akasema, na hiyo haikuwa tena sauti ya kuitikia.

"Jana asubuhi walimwamsha. Hakuamka."

Alilia. Alilia kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akaegemea nyuma, na nyuma alikuwepo mtu. Wanawake walimshika mikono miwili, ile iliyonawishwa, na mimi nikalia pamoja nao bila kujitazama ninavyolia. Gari lilipokuja, jua lilikuwa limeshainama. Baba akashuka akiwa ameogopa, akamtazama mama yake. Koko alikwenda mwenyewe kwa miguu yake hadi kwenye gari, akaweka kiganja kwenye jeneza, akamwambia mwanawe amefika nyumbani. Nimeona mengi tangu hapo, sijaona mtu aliyesimama vizuri vile.

Nilirudi chuoni baada ya msiba. Koko alinitemea mate ya baraka kifuani, akaniambia niende nikasome nisije nikazembea kwa sababu yake. Nilikwenda nimemkasirikia mwalimu wangu. Nilipanga kumwambia mbele ya darasa kwamba ametudanganya. Kwa bahati, wiki ile alituonyesha tena ile filamu ya birika, na safari hii niliitazama mpaka mwisho nikiwa mtu mwingine. Baada ya yule mtu wa sakafuni, filamu inarudi asubuhi. Inamwonyesha anaamka, anatafuta soksi, anagombana na jirani juu ya kuku, anakwenda kuchota maji, anaweka birika. Inamwendea polepole, hatua kwa hatua. Mtengenezaji yule alikuwa ametutoa nje ya lango akatuingiza tena, na mimi mara ya kwanza nilikuwa nimebeba ule mluzi tu nikakimbia nao. Mwalimu hakukosea. Halafu kuna jambo dogo ambalo hata yeye hakulisema. Sisi ukumbini tulikuwa tumekaa, tena bega kwa bega, na tulikuja kwa miguu yetu kutafuta habari ya mtu tusiyemjua. Koko alikuwa amesimama anapaka ukuta wa nyumba yake.

Nimefundisha fasihi maisha yangu yote kwa sababu ya siku ile. Sasa nimechoka, nakuambia kweli. Siku hizi misiba yangu inanikuta kwenye simu. Naosha vyombo, simu inalia, natazama, ni kundi la ukoo. Picha ya ndugu yangu, jina lake, na vikatuni vinavyotoa machozi. Tena katuni nyingi, kila mtu anaweka zake. Msiba wa dada yangu wa mwisho niliupata hivyo. Nilirudi kwenye sufuria nikaisugua, na mama yako aliponikuta nilikuwa bado naisugua. Hakuelewa. Mimi nilimwelewa Koko siku hiyo kuliko siku ile yenyewe.

Na wewe sasa. Jumamosi ulinionyesha ile filamu fupi uliyoitengeneza kwenye simu, unayotaka kwenda nayo uwaonyeshe walimu wako. Inaanza kaburini kwa babu yako, mama yako anapiga yowe, uso wake umejaa kioo kizima. Nikakuambia ni nzuri. Ulifurahi, ukaenda zako. Nilisema hivyo kwa sababu ya kuchoka, na tangu hapo sijatulia. Picha ni nzuri, mkono wako hautetemeki, unalo jicho. Lakini yule ni mwanangu, na yule wa chini ni mume wangu, nami nilikuwa nimesimama na chai mkononi uliponiwekea simu usoni.

Sikwambii uifute. Kile kilio ni cha kweli, na wasiotujua wanaweza kukaa nacho. Nakuambia uanzie mbali. Babu yako yuko humo kwenye simu yako, nimewahi kumwona, anapepeta maharage huku anawatukana kuku kwa Kiiraqw. Anza naye huyo. Tuonyeshe mvua ilivyochelewa, alivyokuwa anasimama uani kila asubuhi anatazama upande wa mlima Oldeani kana kwamba atapewa jibu. Tuonyeshe mama yako anavyomletea uji na yeye anadai una moshi. Anayeitazama aitike, aseme ee, aseme ee. Ndipo umfikishe kaburini, na atakuwa na mahali pa kuweka mikono.

Nasaha yangu, mwanangu, ni hiyo, na niiseme wazi usije ukaniambia sikuieleza. Huko unakokwenda utapewa habari za dunia nzima uzile. Uzile zote, usiogope vitabu vinene wala sinema za lugha usizozijua, waitikie watu wale kana kwamba wameketi mbele yako wamechoka na safari. Watakufundisha jinsi ya kumshtua mtu, na ni ufundi, jifunze. Ila kabla hujafungua mdomo au kamera, mtazame anayepokea. Tazama kama amekaa. Tazama kama nyuma yake kuna mtu. Kama hayupo, kaa wewe kwanza, zunguka, okota kuni, usione aibu mbele ya mwalimu yeyote. Na vya nyumbani usivibebe kama mtu aliyeokota kitu njiani. Kila uso ulio humo una mwenyewe, na wewe ndiye utakayerudi kuutazama.

Sasa inamisha kichwa. Mungu wa kwa babu yako na wa kwa Koko, ambaye nadhani ni huyo huyo mmoja tu anayetuona tunavyohangaika, akufungulie njia. Akupe walimu wapole na marafiki wanaokula pamoja nawe. Macho yako yasichoke kama yangu. Uende ukiwa mzima, urudi ukiwa mzima, na ng'ombe utakaowaona njiani wawe wamenenepa.

Na siku ikifika ya kuwapelekea wadogo zako habari zangu, maana itafika, na mimi hainiogopeshi, usianze na mimi. Wakalishe. Waambie ulilala wapi.